Mvumu wa Libérat na Kivuli cha Mama Agathe

Libérat aliajiriwa kulinda simenti. Mti haukutajwa katika mapatano, lakini asubuhi ya kwanza alipofika kwenye kiwanja cha kituo kipya cha afya, kando ya mto Mulongwe, aliuzunguka ule mvumu mkubwa mara mbili kabla hata ya kuuliza simenti iko wapi.

Alikuwa na sababu. Nyumba yake iko nyuma ya mti huo, hatua arobaini tu. Mwaka mto ulipofurika na kubeba nyumba za jirani, maji yalifika kwenye mizizi ya mvumu, yakageuza njia. Mkewe, Noella, husema mti huo ndio mlango wao wa mbele.

Enjenia Étienne, msimamizi wa ujenzi, alimweleza wazi. Mti utabaki, ila ukionekana umekufa siku ya kuezeka mabati, atauangusha, maana mti mkavu hauachwi juu ya vichwa vya wagonjwa. Libérat akapiga hesabu: miezi minne.

Basi akakata matete, akauzungushia mti ugo. Hakuuweka karibu na shina. Aliuweka pale matawi yanapoishia. Alikulia Bwegera kwa baba aliyeotesha miche, na alijua mizizi ya mti hutembea mbali. Waashi walicheka. Gédéon, mkubwa wao, akauliza, "Papa Libérat, weye iko unalinda simenti ao iko unalinda muti?"

"Simenti ikiibiwa, enjenia atanunua ingine," Libérat akajibu. "Duka ya muti kama huu, minye sijaiona."

Ugo ulidumu siku nne. Waashi waliufungua upande mmoja, wakachanganya simenti kivulini, na jioni wakaosha ndoo zao papo hapo shinani. Yeye alifunga, wao wakafungua. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akaenda hadi kwa enjenia. Enjenia akawakemea, nao wakatii siku mbili.

Kisha gari la mchanga, likirudi nyuma, likavunja tawi moja. Gédéon, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliona haya kwa niaba ya dereva. Akachukua mwiko wake wa uashi, akaziba kidonda cha mti kwa simenti, akakilainisha vizuri kama ukuta wa sebule, kisha akamwita Libérat aje kuona kazi.

Libérat akaigonga ile simenti kwa kidole. "Gédéon, ndugu yangu, ukijikata na panga, nami nikuzibe na tofali, utapona?"

"Inategemea tofali," Gédéon akasema.

Libérat akaibandua ile simenti kidogo kidogo. Akapitisha panga lake motoni lisiambukize kidonda, kama kila mtu wa bonde alivyojifunza siku ugonjwa ulipomaliza migomba, akasawazisha pale palipochanika, kisha akakiacha kidonda kikauke chenyewe. Tawi lililovunjika hakulitupa.

Mwezi wa pili majani yakaanza kugeuka manjano. Ndipo Libérat alipoacha kuwatazama waashi, akatazama wanachokitazama wao. Ugo ulifunguliwa kila mara upande ule ule, na upande huo, ukingoni mwa kivuli, alikaa Mama Agathe na masufuria yake ya bugali, maharage na ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alikuwa akiuza hapo miaka mingi kabla ya msingi kuchimbwa. Waashi hawakufuata kivuli peke yake. Walifuata sufuria, kila mmoja akitaka kujua mapema ndagala zimefikia wapi.

Libérat akamwomba ahamie langoni, na mazungumzo yalichukua jioni tatu. Mama Agathe alikumbusha wateja wake, magoti yake na jua la saa sita. Mwisho akauliza, "Unaniondosha mu kivuli, unanipa nini?"

"Kivuli," Libérat akasema.

Alimtandikia shitingi, turubai la plastiki, juu ya miti minne karibu na lango. Kisha akalikata lile tawi lililovunjika vipande vinne, akavisimika pembeni yake, maana mvumu huoteshwa kwa fimbo. Jumatatu Mama Agathe akahama. Kufika saa nne, ndoo, mchanga na Gédéon mwenyewe walikuwa wamehamia langoni, bila kuamriwa na mtu.

Libérat aliondoa tabaka la simenti chini ya mti kwa mikono, asije akaikata mizizi kwa jembe. Noella akabeba udongo mweusi kwa beseni. Hata hivyo majani yaliendelea kuanguka.

Siku ya kuezeka ikafika, na enjenia akaja na mtu wa mashini ya kukatia miti. Matawi ya upande wa mto yalikuwa matupu. Libérat aliinamisha kijitawi, akakwaruza ganda kwa ukucha. Ndani kulikuwa kijani, na utomvu mweupe ukatoka kama maziwa. Étienne akajichagulia kijitawi cha pili, kisha cha tatu. Maziwa. Akafuta vidole kwenye suruali.

"Rudisha mashini mu gari," akamwambia yule mtu. Kisha akauliza waashi wanakula wapi.

Langoni, fimbo tatu kati ya nne zilikuwa zimetoa majani, na Gédéon alikuwa amesimama mbele ya iliyo nene zaidi, msumari mkononi, akitafuta mahali pa kutundika koti lake. Mama Agathe akainua mwiko wa bugali.

"Weye Gédéon. Muti yangu haiko kabati."

Gédéon akatia msumari mfukoni, akaketi na koti lake magotini. Libérat akaomba sahani.