Wasifu wa Fundi Sanifu

Kaka yangu alipofariki, familia ilinikabidhi kazi ya kuandika wasifu wake, ule unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Sikuchaguliwa kwa elimu. Niliishia darasa la saba, lakini nilifanya kazi naye miaka kumi na moja, na mwandiko wangu unasomeka.

Shangazi alikaa karibu yangu akaangalia karatasi.

"Andika mpima ardhi."

"Shangazi, alikuwa fundi sanifu."

"Mtaa mzima hapa Mazwi walimwita mpima. Leo amekufa ndiyo unamshusha cheo?"

Hakuwa amekosea sana. Watu wakimwona mtu nyuma ya ile mashine ya miguu mitatu, humwita mpima. Kumbe kuna ngazi. Chini kabisa tupo sisi vibarua: tunafyeka mstari, tunashika fimbo yenye kioo, tunachimba, tunachanganya zege na kusimika bikoni, zile nguzo fupi za mipaka. Juu yetu yupo fundi sanifu mwenye stashahada, anayeshinda shambani kutwa nzima akisoma vipimo. Juu yake yupo mpima mwenye shahada. Huyo ndiye anayekagua kazi, na akishasajiliwa, saini yake ndiyo inayoipeleka ramani mbele. Fundi sanifu anaweza kupandishwa daraja mara kadhaa na bado akabaki fundi sanifu. Ili avuke, lazima arudi chuo.

Kaka alitaka kuvuka. Aliomba ruhusa ya masomo, na mkubwa wake akamwambia ajiandae.

Mwaka huo tulipima viwanja Pito, katikati ya mashamba. Pointi moja iliangukia juu ya tuta, yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani yaoze. Kila kibarua wa Ufipa anajua: unaondoa tuta lote kwanza, unafika ardhi ngumu, ndipo unaanza kuchimba. Ilikuwa mchana, upepo unakausha zege kwenye ndoo, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilichimba ndani ya tuta. Bikoni ikasimama vizuri, hata nikaipenda.

Msimu uliofuata, mama mwenye shamba alisambaza matuta ili apande ulezi. Bikoni ikaanguka. Kwa wema wake akaisimika tena, hatua tatu pembeni, isigongwe na jembe. Jirani akaifuata, akajenga msingi wa nyumba. Ugomvi ukafika ofisini.

Kaka aliniuliza, "Mdogo wangu, ulifika ardhi ngumu?"

"Nilifika."

Akaandika hivyo kwenye maelezo yake, akasaini. Mpima akaja mwenyewe, akaitafuta pointi upya, akafukua pale. Chini ya udongo laini, ardhi ilikuwa haijaguswa na sululu. Kaka akapewa barua ya onyo, na nafasi ya masomo akapewa mwingine. Hakuomba tena.

Wakati wa kurudi, kwenye pikipiki, alisema jambo moja tu: "Kuanzia leo nitakuwa naingiza mkono." Na kweli, hadi alipougua, kila shimo nililochimba alipiga magoti akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa chini. Vibarua wenzangu walimtania.

"Fundi, unatafuta panya?"

"Panya namjua," alijibu, bila kunitazama.

Shemeji, mke wake, hakuambiwa. Miaka yote alidhani mume wake aliridhika mapema. "Wenzako wanarudi na shahada, wewe unarudi na matope," alikuwa akimwambia, nami nimekaa palepale nakula ugali wake. Kaka alinawa mikono, akauliza habari za watoto.

Kwa hiyo niliandika: fundi sanifu. Chini yake nikaandika kwamba alikosa masomo kwa sababu ya shimo nililochimba mimi, na jibu nililompa.

Shangazi alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Wasifu ni wa marehemu, mwanangu. Si wako."

Nimefikiri sana juu ya hilo. Nadhani alikuwa na haki. Inawezekana nilitaka kujitua mzigo mbele ya watu waliokuja kumlilia yeye. Niliikata ile sentensi. Neno fundi sanifu nikalibakiza, na shangazi hakunibishia tena. Nikasoma hivyo, tukaenda kuzika.

Tuliporudi nilimwomba shemeji atoke nje kidogo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: tuta, swali la kaka, jibu langu, barua ya onyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote hiyo nilikuwa namsema," alisema. "Na wewe ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Huku unaendelea kula ugali wangu."

"Ndiyo, shemeji. Huku naendelea kula."

Alikaza kanga kiunoni, akaingia chumbani, akawaomba wanawake waliokuwa wamekaa naye wampishe. Wakatoka mmojammoja. Akafunga mlango.