Taa za Tumbawe la Bi Zuhura

Siku moja haijanitoka, mwanangu: siku niliyoiona bahari kwa mara ya kwanza, nikiwa hapa hapa Ifakara, mtaa wa Viwanja Sitini, ambako maji makubwa tunayoyajua ni ya mto Kilombero ukifurika mashambani.

Nilikuwa binti wa kijiji cha Mkula, nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha umeme, na kiburi changu kilikuwa kizito kuliko mkoba wa vifaa. Bi Zuhura, mjane wa Kilwa aliyekuwa na duka la khanga barabarani, aliniita nibadilishe taa za tyubu. Nilidhani ni za dukani. Akanipeleka sebuleni, akavuta pazia.

Palikuwa na tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto. Ndani yake samaki wawili wa njano, na katikati tumbawe pana kama sinia, juu yake maelfu ya vidole vidogo vikicheza na maji.

"Mama, huu ni mmea gani?"

"Ni mnyama."

Nikacheka. "Mnyama asiye na mdomo?"

"Midomo anayo mingi kuliko yako, na wewe unaongea! Ndani ya mwili wake mna mwani mdogo sana. Mwani unakula mwanga, yeye anakula kinachobaki. Ukimnyima mwanga, umemnyima ugali."

Kanisani nilifundishwa kwamba Mungu aliumba nuru kwanza, lakini sikuwahi kukutana na kiumbe anayeila.

Tumbawe lile lilikuzwa na marehemu mumewe kutoka kipande cha ukubwa wa kidole gumba, alichopewa na rafiki yake mfuga samaki. Hawakujaliwa watoto. "Vingine vyote alivyoniachia havipumui," alisema. Taa zake zilikuwa bado zinawaka, lakini tyubu za namna ile huchoka kabla ya kuzima, na tumbawe lilikuwa limefifia, limekuwa la kahawia kama chai ya rangi.

"Niwekee kama hizi hizi, fundi. Moja nyeupe, moja ya buluu."

"Hizi za kizamani, mama. Mimi nitakuletea jua lenyewe."

"Jua la Ifakara au la Kilwa?"

Nilicheka, nikidhani ni utani wa watu wa pwani. Kwetu tulianika mpunga kwenye mikeka, na sijamsikia mkulima wa mpunga akilalamika kwamba jua la kuanikia limezidi. Bi Zuhura alikuwa na safari ya Kilwa, akaniachia ufunguo. Nikanunua taa ya balbu moja kubwa, jamii ya zile zinazomulika viwanja vya mpira, nikaifunga karibu kabisa na maji. Nilipoiwasha, mawimbi ya mwanga yalitambaa ukutani na darini, chumba kizima kikawa chini ya bahari. Nilisimama mdomo wazi. Nikaiacha inawaka kutwa nzima, siku tatu.

Siku ya nne tumbawe lilikuwa jeupe kama mfupa.

Bi Zuhura aliporudi, nilimwamkia shikamoo nikitazama sakafu. Akaitikia, akapita, akainama mbele ya kioo kulitazama tumbawe. Nilihisi nimemzika mumewe mara ya pili. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia.

"Tekla, miche ya nyanya kwenu Mkula mnaifanyaje ikiota?"

"Tunaifunika kichanja cha nyasi, mama."

"Halafu?"

"Tunapunguza nyasi kidogo kidogo, mpaka izoee jua."

"Kumbe unajua! Sasa huyu aliyekaa gizani miezi ulimvua nguo zote siku moja. Na jua la Kilwa haliingii baharini lote. Maji hulichuja wekundu, chini hufika ubuluu. Nilikuuliza jua lipi, ukanicheka."

Nilitamani kukimbia, lakini akaniwekea mkononi chandarua kuukuu. "Bado halijafa. Likifa, litaota uchafu wa kijani. Lifunike."

Tulikikunja mara nne, nikakitandaza juu ya tangi. Nikapandisha ile taa kubwa hadi karibu na dari. Nikafunga tyubu mpya mbili, kwa sababu tyubu humwaga mwanga sawasawa na kufika hata ubavuni, ambako balbu moja huacha kivuli. Asubuhi tuliwasha ya buluu peke yake, kisha nyeupe, mchana ile kubwa kwa saa chache tu, jioni tukarudi kwenye buluu. Kila wiki nilitoa kunjo moja la chandarua.

Kunjo la tatu lilipotoka, nikiwa dukani, Bi Zuhura aliniita kutoka sebuleni kwa sauti ya kutisha. Nikakimbia. Taa ya buluu ilikuwa inawaka peke yake, na kutoka kwenye ule mfupa ilikuwa inachomoza rangi ya kijani, si ile ya uchafu, inang'aa kutoka ndani kama kaa la moto. Bi Zuhura alikuwa anamsomea marehemu Fatiha huku anacheka. Nami nilifanya ishara ya msalaba, maana sikujua la kufanya lingine.

Pembe moja haikurudi. Ni ile iliyoota uchafu wa kijani, uliyoniulizia ulipokuwa mdogo. Ni mimi niliyeiunguza.

Bi Zuhura aliniachia tangi hili, na sasa ni lako. Nimeiona taa yako ya LED. Ni nzuri, peke yake inaweza kuwa buluu, nyeupe na hata kuchezesha mawimbi. Lakini ianze kwa mwanga hafifu, kwa saa chache, na uiongeze wiki kwa wiki. Tyubu zangu usizing'oe bado, ziache zijaze pale LED inapoacha kivuli. Usiitazame taa ukajisifu. Litazame tumbawe, lenyewe litakuambia limeshiba au linaungua. Na usione aibu kurudisha kivuli ulichokiondoa mapema. Chandarua nimekifua, kipo ndani ya boksi la taa yako.

Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na nuru yake akumiminie kwa kiasi unachoweza kukibeba, leo kidogo, kesho zaidi.