Ukwe Ubaki Nje ya Chumba cha CT Scan

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Kaa nikusimulie, maana umeshaposwa.

Editha, mtoto wa kaka yangu, aliolewa hapa Nyamiaga. Alikuwa na mimba changa alipogongwa na bodaboda, akaangukia kichwa. Kesho yake akaanza kutapika na kope ya jicho moja ikamlegea. Tukampeleka hospitali kubwa, mimi na baba mkwe wake, kwa kuwa mumewe alikuwa safarini.

Unaujua ukwe wetu. Mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, wala hasemi mbele yake. Daktari alitaka apimwe kichwa kwa CT scan, akamwuliza kama anakubali. Editha akajifunika kitenge usoni. Baba mkwe akajibu yeye.

"Mionzi itamchoma mjukuu wangu. Kama ni lazima, mfunikeni tumbo kwa ile aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi."

Mtaalamu wa mionzi akamweleza kwa subira. "Mzee, tunapima kichwa, tumbo liko mbali. Mionzi itakayomfikia mtoto ni kidogo mno, tena inapitia ndani ya mwili wa mama, aproni ya juu haiizuii. Cha kuogopa ni damu kuvujia kichwani."

Mzee akaona ananyimwa aproni kwa sababu ni mkulima. Nilipofungua mdomo akanikata: "Shangazi, huyu ni wa kwetu sasa." Wa kwenu! Akatuondoa. Garini Editha aliniminya mkono, akaninong'oneza, "Shangazi, mimi nilitaka wanipime." Nikapiga kelele gari ligeuzwe. Mzee ndiye aliyelikodi, akakataa.

Editha hakuiona asubuhi. Mjukuu aliyelindwa dhidi ya mionzi tukamzika humo humo tumboni mwa mama yake.

Msibani wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikasirika, na sijapoa hadi leo. Mungu alikuwa ameshatupa mashine na mtu wa kuiendesha, tukawageuzia mgongo.

Basi shika haya. Heshima si utumwa, na mficha uchi hazai. Ukifika hospitali sema una mimba, hata kama haijaonekana, maana wakitaka kupima tumbo lenyewe watatafuta kwanza njia isiyo na mionzi. Uliza kwa nini unapimwa, uliza mtoto atapata mionzi kiasi gani. Wakikueleza kwamba kipimo ni cha lazima, usikimbie kwa uvumi wa kilabu cha pombe. Baba mkwe akiwa chumbani, mwombe daktari amtoe nje. Akigoma kutoka, jifunue uso useme mbele yake. Wakikuita huna adabu, waambie ni mimi niliyekufundisha, waje kwangu.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie uzao, na akujalie sauti mbele ya wakwe zako.