Sala Yangu Chini ya Meza

Namshukuru Mungu aliyenipa kazi ya ufundi wa kompyuta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Basotu. Siku moja kompyuta ya ofisini iligoma kuwaka. Nikamwambia meneja imekufa, naye akalitoa gari la mbegu, katikati ya msimu wa kupanda, liipeleke Arusha kutengenezwa. Nilipopiga magoti chini ya meza kufungua nyaya, nikakuta plagi imechomoka ukutani. Nikaishika, na kabla sijaichomeka, meneja akaingia na dereva.

"Tusubiri, mzee anasali," meneja akamnong'oneza dereva. Wakainamisha vichwa.

Kwa aibu nami nikafumba macho, na baada ya muda nikasema, "Amina."

"Amina," wakaitikia.

Nilipoinuka, dereva akanitazama mkononi.

"Shikamoo mzee," akasema kwa upole. "Hiyo plagi ndiyo uliyokuwa unaiombea?"