Lafiki

Baba yangu aliwahi kununua punda soko la Zombe, na huyo punda akakataa kwenda mtoni. Ukimvuta, amesimama tu. Mama akasema, "Si kiburi, anataka mwenzake." Tukaazima punda wa jirani, wakaenda wote wawili wakigusana mabega. Basi mjukuu wangu alipoletwa hapa Mtito Andei kutoka huko Zombe, nikamkumbuka punda. Kila asubuhi alisimama mlangoni, shule hataki.

Sisi Wakamba wa ndani ndani, herufi ya r hututoka ikiwa l. Siku ya kwanza darasani mjukuu aliuliza nani atakuwa lafiki yake, na tangu hapo wakamwita Lafiki. Hakuna aliyekaa naye.

Mwalimu alimpa kitabu cha picha, cha msichana anayekula peke yake. Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini picha nazisoma vizuri, na maneno nayasukuma polepole. Nikamsomea pale uani: "Nataka lafiki."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Babu, kumbe hata wewe!"

Wakati huo yule mvulana aliyemtungia jina hilo akapita nje ya ua, akaita, "We Lafiki!"

Tukaitika wote wawili, "Naam!" Nami nikaongeza, "Ingia lafiki yetu, chai iko."

Kesho yake mjukuu alitoka mlangoni bila kuvutwa. Lakini yule mvulana, siku ile ya chai, na nilikuwa nimeshammiminia kikombe, alitutazama kidogo, akageuka akaenda zake, na kwetu hajarudi tena.