Mitungi ya Benta

Mimi ni fundi wa magari hapa Homa Bay mjini, na nasema wazi: oili chafu tuliimwaga sisi, kwenye mfereji ulio nyuma ya gereji. Mfereji unaingia kijitoni, kijito kinaingia ziwani. Tuliiona ikienda, tukadhani imekwisha.

Kumbe ilikuwa imelala kwenye matope, pale kijito kinapokutana na ziwa, na hapo ndipo Benta mfinyanzi huchimba udongo. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake na hana nyingine. Mitungi ikaanza kupasuka motoni. Iliyopona ilivuja. Alipokuja gereji kutusihi, tulimcheka. Mosoti, mkubwa wetu, alimshauri akauze sufuria.

Dawa ya moto ni moto. Mtungi wetu wa maji ya kunywa ulipovunjika, Benta alituletea mwingine bure. Tuliujaza asubuhi. Saa sita tulipotaka kunywa, ulikuwa mtupu na sakafu imelowa.

"Mama, hii mtungi yako inavuja," Mosoti akalalamika.

"Udongo ni yangu, nyathina, mwanangu, lakini oili ni yako," akajibu. "Wiki ijayo nitaleta ingine."

Akaleta kweli. Kila Jumatatu mtungi mpya, kila Jumatatu matope miguuni na wateja wakituuliza. Mama yule ana kiburi, nami nampendea hicho. Wiki ya saba Mosoti hakulalamika tena. Alichukua jembe.

Tulichimba shimo la kunasa oili, tukalisakafia. Matope meusi ya kule kijitoni tukayazoa na, wajinga sisi, tukayarundika ukingoni. Mvua moja tu ikayarudisha yote. Benta alicheka mpaka akakaa chini. Mara ya pili tuliyapeleka kwa mkokoteni mbali na maji, kwenye shimo la saruji tuliloonyeshwa na afisa wa mazingira. Kisha tukapanda mafunjo ya kuchuja maji pale kijito kinapoishia.

Misimu miwili ya mvua ikapita. Jumatatu moja Benta akaja na mtungi kichwani. Tukaujaza. Siku hiyo hakuna aliyefanya kazi ya maana. Saa kumi na moja jioni Mosoti alipiga magoti, akapitisha kiganja chini ya mtungi. Ubavuni mtungi ulitoa jasho la baridi, lakini chini palikuwa na vumbi kavu. Tulipiga kelele za furaha mpaka majirani wakatoka.

"Bado niuze sufuria?" Benta akauliza.

Mosoti alichota kikombe cha kwanza, akampa yeye kwa mikono miwili.