Mawe Gani?

Mie kutulia sijui, tangu utotoni. Basi mwaka 2013, vijana wa filamu walipofika Kasulu kutoka Dar es Salaam wakitafuta mtoto wa kulia, sikungoja kuitwa. Nilijisogeza mbele nikalia palepale, wakabaki wanatazamana. Mwongozaji akamwambia mama kwamba nikifanya vizuri nitakwenda nao Dar kumalizia filamu. Wee! Usingizi ulinihama. Shuleni nilishaanza kuaga watu.

Mwanzo mambo yalikwenda. Nilibeba ndoo, nikasukumwa na mama wa kambo, nikatazama kwa huzuni kila nilipoambiwa nitazame. Ikabaki sehemu moja tu: mama wa kwenye filamu anakata roho kitandani, namwangukia nikimwita, "Mama!"

Nikaanguka, machozi yakaja yenyewe, mdomo ukatoa, "Mawe!"

Mshika kamera akatazama miguuni pake.

"Mawe gani?" akauliza mwongozaji.

Uani kulijaa watu, na wote walicheka. Waha, wenyeji wa Kasulu, walielewa, Kiha na Kirundi ni ndugu. Kwetu mawe ni mama. Babu alitoka Burundi, na ingawa tulikuwa na uraia, mama alitukataza kusema Kirundi mjini tusije tukaitwa wakimbizi.

Tukarudia. Nikisema "Mama", macho makavu. Machozi yakija, yanakuja na "Mawe". Tukarudia tena na tena. Marehemu akafumbua jicho, akaniomba nijitahidi, mgongo unamuuma. Jua linashuka, mwongozaji ameanza kumuulizia binti wa daktari wa wilaya achukue nafasi yangu, na mimi Dar naiona inaniponyoka hivihivi.

Mara ya mwisho sikuigiza. Nililia kwa hasira zangu mwenyewe. "Mawe! Mawe we!"

"Ndi hano, mwana wanje."

Nipo hapa, mwanangu. Alikuwa mama yangu mzazi, yule yule aliyenifinya sokoni kwa neno moja tu la nyumbani. Alipita mbele ya kamera, khanga inaburuta, akaninyanyua kutoka juu ya maiti. Mwongozaji akalalamika kwamba ameharibu kila kitu, kwamba basi, mtoto huyu hafai. Nikampiga mama ngumi za kifua, nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ameniua. Hakunizuia. Alinibeba akipita katikati ya watu, akinijibu kwa Kirundi, kwa sauti, mji mzima ukisikia, kwamba yupo.